IP imehama tena usiku

Leo nimeamka saa 11 alfajiri, hata uso sijanawa, nikashika simu nikazima waifai nikawasha data (nikiwa kwa waifai ya ndani ruta yangu inagoma kunirudisha kwenye IP yetu wenyewe, yaani anwani yetu ya intaneti, kwaio kupima lazima nitokee nje) nikafungua saiti yetu ninayoihosti hapa nyumbani. Kimya. Nikajua tu, ruta imejizima ikawaka, tumepewa IP nyingine.

Seva yenyewe ni laptopu kuukuu iliyopasuka kioo, iko juu ya kabati inaunguruma feni. Zamani IP ikihama nilikuwa naibadilisha DNS (daftari linalosema jina la saiti liko IP ipi) kwa mkono, na TTL, muda ambao jibu la DNS linakumbukwa, nilikuwa nimeiacha sekunde 86400, yaani siku nzima watu wanaweza kuendelea kupelekwa kwenye anwani ya jana ambayo pengine sasa ni ya mtu mwingine kabisa. Hilo lilikuwa linanikosesha raha kuliko hata saiti kuzima. Nikaishusha mpaka 60, nikaandika kaskripti kadogo, kila dakika 5 kanauliza IP yetu ya nje ni ipi, ikiwa imebadilika kanairekebisha DNS kenyewe, nikalala usingizi miezi.

Sasa leo kaskripti hakana kosa, logi inaonyesha kamebadilisha saa 8 na dakika 10 usiku, na bado hakufunguki kitu. Porti 80 na 443, milango ya saiti kwenye ruta, zimeelekezwa kwa laptopu kama kawaida. Nimezima nimewasha, nimeitukana fayawoli ya watu bure, masaa 2 mazima, ndo naona kilichokuwa mbele ya macho muda wote: ruta inasema IP ya WAN, yaani iliyopewa na mtoa huduma, ni 100.72 na kitu, kaskripti kanasema ya nje ni nyingine kabisa. Kumbe nimehamishiwa CGNAT! IP za kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa 2012 kwa ajili ya watoa huduma, wanatubananisha wateja wengi nyuma ya IP moja, mgeni akija anaishia kwao, ruta yangu hata habari haina. Najua IPv4 zote ni kama bilioni 4.3 tu na ghala kuu liliisha Februari 2011, sawa, lakini kameseji kamoja jamani?

Hapo DNS haisaidii. Nimekodi kaseva ka nje kenye IP isiyohama, laptopu ndo inakapigia kutoka ndani kwa WireGuard (VPN, kama bomba la siri kati yao), na PersistentKeepalive nimeweka 25, yaani kila sekunde 25 inatuma kaishara, maana ikikaa kimya muda CGNAT inaisahau njia na mgeni hapiti tena. Ukiniuliza kama bado nahosti nyumbani sijui nikujibuje, mafaili yako kabatini ila mlango uko kwa watu.

Saa 4 asubuhi imefunguka. Ndo naenda kunawa uso.