Shangazi na Chumvi

Shangazi alipoanza kulamba chumvi tulimcheka. Alikuwa anauza mitumba Kiboriloni, Moshi, na jioni akirudi anaimwaga kwenye mtori kabla hajaonja, kisha anajimiminia nyingine kiganjani. Nguo zilimpwaya. Akiinuka ghafla anashika ukuta. Zahanati walisema vidonda vya tumbo, akameza dawa, akaendelea kutapika.

Siku alipoanguka bafuni tulimpakia kwenye bajaji hadi KCMC. Presha ilikuwa imeshuka vibaya, akatundikiwa dripu. Daktari aliyekuja akamgeuza viganja. Mistari ilikuwa myeusi kama imechorwa kwa mkaa.

"Rangi ya mama ni hii siku zote?"

Swali lilinishangaza, si sote ni weusi? Lakini shangazi alikuwa maji ya kunde. Nikatoa kitambulisho chake cha mpiga kura, daktari akakisogeza karibu na shavu lake. Tulikuwa tumemwona kila siku, na sokoni walisema ni jua tu.

"Amewahi kuugua TB?"

Aliwahi, miaka ya nyuma, akatibiwa Kibong'oto akamaliza dawa.

Hapo akatueleza. Juu ya kila figo kuna tezi ya adrenali, ya gramu chache tu. Tabaka lake la nje hutoa kotisoli, ambayo mwili hauhimili maradhi bila hiyo, na aldosteroni, inayozuia chumvi isiishie kwenye mkojo. TB inaweza kuzila tezi hizo polepole. Zikilegea, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huzidi kuzisukuma kwa homoni yake, na homoni hiyo hiyo huitia ngozi weusi. Thomas Addison, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu, unaoitwa kwa jina lake, mwaka 1855. Kwa Mzungu weusi huo huonekana upesi. Kwetu anayeuona ni yule anayeikumbuka rangi yako ya zamani.

Vipimo vilirudi: sodiamu chini, potasiamu juu, kotisoli ya asubuhi karibu hakuna. Kumbe sindano ya haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, walishamchoma bila kusubiri majibu. Kesho yake shangazi aliomba ndizi nyama, akalalamika kwamba haikukolea chumvi.

"Usipunguze chumvi," daktari alimwambia, labda mgonjwa pekee wodini kuambiwa hivyo. Vidonge ni vya maisha. Asiviache ghafla. Akipata homa, dozi iwe maradufu. Akitapika, asingoje kupambazuke, aje achomwe sindano.

"Mbona TB ilipona?"

"TB ilipona, mama. Tezi zilizoharibika ndizo hazirudi."

"Kwa hiyo mmeniozesha kwa vidonge."

Maduka ya dawa tuliyopita mjini hayakuwa na haidrokotisoni. Tulirudi kwa daktari, akaandika prednisoloni, dawa ya jamii hiyo hiyo, nayo tukaipata duka la kwanza tu. Shangazi akauliza bei, akapiga hesabu kwa blauzi za mtumba, akasema hiyo biashara yake inaiweza.