Shujaa wetu alipogeuka adui, na kampeni isivunjike

Kikundi chetu hukutana Jumamosi mchana hapa Soweto, Moshi: wachezaji watano, na mimi msimamizi. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi ambapo kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anaendesha dunia na wengine wote waliomo, na dadu huamua matokeo. Hadithi ndefu inayoendelea Jumamosi hadi Jumamosi tunaiita kampeni. Tunatumia zile kanuni za msingi ambazo tangu 2023 mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua na kuzitumia bure. Tulizichapisha, tukazitia kwenye faili, na mezani tunaongea Kiswahili mwanzo mwisho. Dunia ya mchezo niliitunga mwenyewe: mlima, vihamba vya migomba, na mifongo inayoshusha maji kutoka msituni hadi vijiji vya chini. Mtu wa Kilimanjaro huhitaji kumweleza kwa nini watu wanaweza kugombana mpaka damu kwa ajili ya maji ya mfongo.

Mmoja wetu, fundi umeme, alikuwa na mhusika anayeitwa Saroka, paladini, yaani askari mtakatifu, aliyekula kiapo kwamba bonde lake halitakauka tena. Kiapo kizuri kabisa. Ila kila tulipocheza, Saroka alisogea hatua moja. Alimtesa mateka ili amweleze njia. Akapokea nguvu kutoka kwa zimwi la chemchemi. Halafu siku moja wakafika kwenye lango la mfongo mkuu, pale maji yanapogawanywa.

"Nafunga," akasema.

Nikamuuliza, "Na vijiji vya chini?"

"Watakuja kuniomba."

Dada mmoja, nesi, anayecheza kasisi wa kike kutoka kimojawapo cha vijiji hivyo, aliweka dadu lake mezani taratibu akamtazama. Si Saroka aliyetazamwa pale, ni yule fundi. Hapo nikajua ni lazima tusimame kwanza.

Nilisema tunywe chai, nikamwita fundi barazani. Sikumlaumu, maana hakukosea kitu. Alikuwa anaigiza vizuri kuliko sote. Nilitaka kujua jambo moja tu: "Kaka, Saroka unataka arudi, au unataka aende mpaka mwisho?" Akajibu bila kusita kwamba aende. Basi nikamweleza masharti. Kuanzia siku hiyo Saroka ni adui wa kampeni, anaweza kushindwa na hata kufa, na dunia yangu haitamlinda. Mwishoni karatasi yake, ile iliyoandikwa uwezo wake wote, itakuwa yangu. Na yeye mwenyewe habaki bila kiti: atunge mhusika mwingine wa kukaa upande wa wenzake.

Mara nyingi sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mchezaji akiachwa na adui peke yake, kila Jumamosi inakuwa yeye dhidi ya marafiki zake, na hasira ya mchezoni inahamia sebuleni. Fundi alirudi mezani na binti mwizi wa kijiji cha chini ambaye ng'ombe wa mama yake alikufa kwa kiu. Alimtunga yeye mwenyewe, na binti huyo alimchukia Saroka kwa moyo wote.

Wengine nao niliwauliza kabla ya kuendelea. Mchezo huu una desturi, aliyoieneza mbunifu wa michezo Mmarekani Ron Edwards, ya kutenga mambo ambayo hayataingia kabisa mezani na mambo yatakayotokea nyuma ya pazia. Nesi alisema anaona watoto wagonjwa kazini wiki nzima, hataki kuwasikia wakifa kwa kiu Jumamosi. Tukakubaliana: ukame utakuwepo, ila watoto hawaguswi. Hakuna aliyebisha, na adui hakupungua ukali hata kidogo.

Niseme wazi hapa, maana najua utetezi wa "mhusika wangu ndivyo angefanya" umeshachosha wasimamizi wengi. Ninaupima hivi: je, ubaya wa mhusika unawapa wenzake kitu cha kufanya, au unawanyang'anya? Saroka alipofunga lango, kila mtu mezani alipata sababu ya kusimama. Mchezaji anayeiba vitu kwenye mkoba wa mwenzake usiku, kisha anacheka, hajengi adui yeyote. Huyo namwambia aache, basi.

Suala hili ni la zamani kama mchezo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla mchezo haujachapishwa, Dave Arneson alikuwa akiendesha kampeni yake ya Blackmoor kule Minnesota. Mhusika wa mchezaji mmoja akawa mnyonya damu aliyeitwa Sir Fang, akapata nguvu hadi wenzake wakashindwa kumkabili. Ili apatikane wa kumzuia, ikabuniwa aina mpya ya mhusika: kasisi. Mchezo ulipotoka 1974, kasisi alikuwa mmoja wa aina tatu za wahusika, pamoja na mpiganaji na mchawi. Nilipousimulia mkasa huo, nesi alinyoosha mgongo. Kasisi wake alikuwa anafanya kazi ileile kasisi alizaliwa aifanye.

Kanuni za zamani zilikuwa kali. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mhusika aliyebadili mwelekeo wake wa wema au uovu alipoteza ngazi nzima ya uwezo, na paladini aliyetenda uovu kwa kujua alivuliwa upaladini moja kwa moja. Mimi sipendi adhabu ya namba. Mwongozo wa msimamizi wa 2014 una paladini mvunja kiapo, aliyewekwa kabisa kwenye kundi la wabaya, na huyo ndiye niliyemtumia: Saroka alipoteza baraka zake za zamani akapata nyingine za giza. Kilichomuumiza zaidi ni watu. Wazee wa mfongo waliacha kumwamkia. Mama yake alimrudishia mbuzi aliyempelekea.

Tatizo lilikuwa hili: fundi alikaa mezani na binti mwizi wake, akisikia mipango yote dhidi ya Saroka. Nani angemwongoza Saroka kwa haki? Tulitumia bahasha. Katikati ya wiki nilimtumia fundi ujumbe: "Vijiji vya chini wamekutumia wazee watatu. Unawapokeaje?" Naye aliandika amri za Saroka, akazifunga kwenye bahasha ya kaki, akanikabidhi kabla hatujaanza. Nikiifungua, amri haibadiliki, hata kama mwizi wake ameshasikia kitakachotokea. Mara nyingine alinitumia ujumbe wa sauti, akiongea kama Saroka, taratibu, kwa heshima zote: "Shikamooni wazee wangu. Maji yapo. Ninachotaka ni kiapo chenu tu." Niliucheza kwenye spika ndogo mezani. Fundi amekaa palepale, kimya, na sauti yake inawatisha marafiki zake. Sijawahi kutunga adui wa kunifikisha hapo. Wale wa kwangu wachezaji hukutana nao wakiwa wabaya tayari. Huyu walikuwa wamekula naye, wamemfunga majeraha, wanajua kiapo chake kilivyoanza.

Pambano la langoni nilirusha madadu ya Saroka hadharani, kila mtu aone, na fundi akachagua maneno yake tu. Nesi hakwenda kumpiga. Aliwaacha wenzake wampiganie nafasi, akapanda kwenye lango na kulifungua kwa mikono, akipokea mishale mgongoni. Alibaki na uhai wa pointi mbili. Maji yalipotoka, Saroka aliangusha upanga. Hilo fundi aliliamua papo hapo, wala halikuwa kwenye bahasha.

Kisha wakabishana kuliko walivyowahi kubishana tangu tuanze kucheza. Mmoja alitaka auawe. Mwingine alitaka afukuzwe mlimani. Nesi akasema apelekwe kwa wazee wa mfongo, na kila mchezaji aigize mzee mmoja. Fundi alimtetea Saroka kwa dakika chache, kisha akaacha. Hukumu ikawa achimbe mfongo mpya hadi kijiji cha mwisho, bila silaha na bila mtu wa kumsaidia. Fundi aliiandika mwenyewe chini ya karatasi ya Saroka, akanikabidhi. Kampeni inayofuata inaanzia miaka kumi baadaye, kwenye kijiji hicho, na mfongo bado haujafika.