Samaki wangu aina ya beta alianza kuchuja rangi, hivi ndo nilivyojifunza kumsoma

Mi nauza vitenge na madera hapa Arusha, kwa hiyo rangi ni kitu ninachoshinda nacho. Mteja akiniuliza dada hiki hakichuji? namjibu palepale, maana kitambaa nakijua kwa kukishika tu. Sasa siku samaki wangu alipoanza kutoka bluu kwenda weupe, neno la kwanza lililonitoka ni "jamani, huyu anachuja", na machozi yakanitoka kweli, maana nilikuwa nimeshampenda.

Nianzie mwanzo. Mwezi wa sita 2023 nilishuka Dar kuchukua mzigo Kariakoo, na mwanangu alikuwa ameniganda tangu Pasaka anataka samaki. Nikampata beta dume, bluu iliyokolea, mkia mrefu unashuka kama shela ya bibi harusi. Muuzaji akaniambia dada huyu hasumbui kabisa, we muweke hata kwenye glasi, kwao wanaishi kwenye matope. Nikaamini. Akamfunga kwenye mfuko, theluthi maji na kilichobaki hewa, mi nikaweka mfuko kwenye ndoo ndogo nikaizungushia vitenge ili isicheze, nikapanda basi la saa kumi na mbili alfajiri na samaki nimempakata mpaka Arusha, jioni tukafika mzima. Mwanangu akampa jina la Bahari.

Nikamuweka kwenye jagi la kioo la lita mbili. Arusha mwezi wa sita mnaijua, ile baridi ya asubuhi mpaka unaona mvuke mdomoni. Siku ya tatu Bahari amelala chini ubavu, mapezi ameyafumba kama mwavuli, bluu imekuwa kijivu kama shati lililofuliwa na jiki. Kila baada ya muda anajivuta juu anavuta hewa halafu anashuka tena, mtoto anapiga kelele mama anakata roho.

Kumbe kile cha kwenda juu ndo kilikuwa kitu pekee cha kawaida. Beta ana kiungo kinaitwa labirinti, kiko juu ya matamvua, kinamwezesha kuvuta hewa hii tunayovuta sisi, na asipofika juu anaweza kufa maji japo ni samaki. Kwao ni Thailand, kwenye bonde la mto Chao Phraya, mashamba ya mpunga na vinamasi, maji ya kina kifupi ambayo hewa ndani yake ni chache, ndo maana Mungu akampa njia ya pili ya kupumua. Kwa hiyo yule muuzaji aliongea nusu ya ukweli. Maji ya kwao ni machache kwenda chini lakini yametanda eneo kubwa na yana joto mwaka mzima, na hilo la joto ndo hakuniambia.

Jirani yangu, mzee mmoja anayefuga kuku, aliniazima kipimajoto chake cha kulelea vifaranga. Nikakitumbukiza: 18. Beta anataka kati ya 24 na 28! Nikaona aibu na huruma vyote pamoja. Mzee akanituliza, akasema mama, usimwagie maji ya moto utamuua, mpandishe polepole kama unavyomtoa kifaranga kwenye baridi, nikachukua beseni la maji ya uvuguvugu nikalisimamisha lile jagi ndani yake, nikawa nabadilisha maji ya beseni kila yakipoa, toka saa moja asubuhi. Kufika saa tano bluu ilikuwa imeanza kurudi kichwani, saa nane imefika mkiani na mapezi ameyafungua. Siku hiyo sikufungua duka.

Hapo ndo nikaelewa kwamba rangi ya huyu samaki inasema kitu, nikaamua nimtengenezee mahali panapoeleweka. Nikaenda kwa fundi vioo na aluminiamu, nikamwambia anikatie tangi la sentimita 40 kwa 25 kwa 25, linaingia lita 25, nikijaza maji nikabakiza nafasi juu napata lita 20. Kama na we unataka kuchongesha mwambie fundi atumie silikoni ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, alafu ukae na tangi wiki nzima unajaza maji na kumwaga kabla samaki hajaingia. Mfuniko muhimu, beta anaruka, ila usizibe kabisa, na ile hewa ya juu ya maji inatakiwa nayo iwe na joto. Hita ya wati 50 nililetewa kutoka Nairobi na mtu wa basi. Filta nilichukua ile ya sponji inayotoa mapovu taratibu, maana mkia kama shela kwenye maji yanayokimbia ni mateso, anachoka. Nikaweka na kifuu cha nazi nilichokichemsha, saivi ndo chumba chake cha kulala.

Kosa langu la pili lilitokana na usafi. Nimelelewa kuosha vyombo mpaka ving'ae, basi kila Jumamosi namwaga maji yote, nasugua mawe na sponji kwa sabuni, naweka maji mapya ya bombani moja kwa moja. Baada ya mwezi mapezi yakaanza kuliwa pembeni, ncha zimekuwa nyeusi zimechanika chanika. Nikasoma, nikauliza, nikaelewa kwamba mkojo na kinyesi cha samaki vinatoa amonia, inaunguza, na kuna bakteria wazuri wanaokaa kwenye sponji na mawe wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti na mwisho naitreti ambayo haina makali kiasi hicho, na mimi kila Jumamosi nilikuwa nawaua wote kwa sabuni alafu nashangaa samaki anaumwa! Saivi natoa robo tu ya maji kila wiki, sponji naikamua ndani ya maji yaleyale niliyotoa kwenye tangi, na maji mapya nayaweka kwenye ndoo nayatia tone la dawa ya kuondoa klorini ya bombani, na nayapasha mpaka yalingane na ya kwenye tangi ndo namimina. Sabuni haigusi kitu hata kimoja cha Bahari.

Shangazi yangu yuko Tanga, akaniuliza kwenye simu unamtibu na nini, nikamwambia wanasema majani ya mkungu, akacheka sana, yaani mkungu huuhuu wa kungu tulizokuwa tunagonga na mawe? Ndo huohuo. Wafugaji wa Thailand wanatumia majani yake yaliyokauka, yanatoa rangi ya chai na kuyafanya maji yafanane na ya kwao. Shangazi akanitumia mfuko mzima, mi nachagua jani lililoanguka lenyewe likawa kahawia, naliosha, jani moja kwa lita 20. Mapezi yakaanza kuota upya, ile sehemu mpya inakuwa angavu kama nailoni kabla haijajaa rangi. Mtu asije akadhani jani pekee ndo lilitibu, maji safi ndo yalitibu, jani lilisaidia.

Tabia zake sasa. Jioni taa ya sebuleni ikiwaka nilikuwa namkuta anajitunisha, mashavu ameyafungua wazi, ndevu nyeusi zimetoka chini ya kidevu, anatembea ubavu ubavu mbele ya kioo. Tukawa tunafurahi, mtoto anaita wenzake waje waone. Kumbe alikuwa anajiona mwenyewe kwenye kioo anadhani ni dume mwingine kaingia kwake, na anakaa hivyo masaa, akilala amechoka hata kula hataki. Nikabandika karatasi nyeusi nyuma na ubavuni, ikaisha. Kumuonyesha kioo dakika mbili tatu kama mazoezi sawa, lakini jioni nzima ni kumtesa. Jina lake kwa Kithai ni pla kat, samaki anayeng'ata, na madume wawili ukiwaweka pamoja watachanana kweli.

Siku ya kwanza kuona mapovu yamerundikana juu ya maji karibu na jani la mkungu nikadhani sabuni! Nikataka kumwaga tangi lote. Mtoto ndo alimuona Bahari anavuta hewa juu anatema povu, anavuta anatema. Kiota. Dume ndo anajenga, ndo analea mayai pia. Akijenga kiota si lazima yuko katika raha kamili, lakini samaki anayeumwa mara nyingi hajengi, kwa hiyo mi kiota nakihesabu pamoja na dalili zingine.

Na hii ndo iliniokoa ule mwezi wa pili 2024 rangi ilipoanza kupotea. Ilianza kidoa cheupe tumboni, wiki inayofuata kikafika mgongoni, mwezi ukiisha nusu ya samaki ni nyeupe. Nikapima joto, 26. Maji sawa. Nikazima taa nikammulika na tochi kwa pembeni, maana kuna ugonjwa unaonekana kama vumbi la dhahabu ambalo mchana hulioni. Hamna. Vidoa kama chembe za chumvi, hamna. Pamba pamba ya ukungu, hamna. Weupe wenyewe haukuwa umevimba wala kukaa juu ya magamba, ulikuwa ndani ya magamba yenyewe. Na mwenyewe anakula, mapezi wazi, kiota kikubwa kama kisahani. Ikabidi nitafute jibu sehemu nyingine.

Jibu ni kwamba Bahari ni yule wanayemwita mabo, yaani kama jiwe la marumaru lenye mabaka. Beta ana rangi kwa matabaka, kuna tabaka la njano, la nyekundu, la nyeusi, na la mng'ao. Ile bluu wala si dawa ya rangi kama ya kitenge, hakuna kitu cha bluu humo ndani ukikamua, ni vifuwele vidogo sana kwenye ngozi vinavyorudisha mwanga, kama satini inavyobadilika ukiigeuza dirishani, na weusi ulioko chini ndo unaifanya ionekane imekolea. Sasa beta mabo ana jeni inayohama, inaruka kutoka mahali pamoja kwenda pengine kwenye seli, ikiingia sehemu inazima rangi, ikitoka rangi inarudi. Kwa hiyo anaweza kuzaliwa mweupe akawa bluu, au akawa bluu kama wangu akaishia mabaka, na hakuna mtu anayeweza kukuambia atakuwaje mwaka kesho. Mi nilikaa pale na simu mkononi usiku saa sita nikamuangalia upya kabisa. Maisha yangu yote kitambaa kinachobadilika rangi ni kitambaa kibovu, narudishiwa na mteja ananisema. Huyu alikuwa mzima.

Kwa hiyo saivi nikiona rangi imebadilika naangalia kwanza imekujaje. Ikififia mwili mzima kwa siku moja mbili, na mapezi yamefumba, hapo naenda kwenye joto na maji mbio. Mabaka yanayotambaa taratibu kwa wiki na samaki anachangamka, namuacha. Jike nililomnunua baadaye alinifundisha na mistari: siku aliyofika alikuwa na michirizi ya kulala toka kichwani hadi mkiani, huo ni uoga, nikazima taa nikamuacha kimya, kesho yake imefutika. Wiki chache mbele, akiwa nyuma ya kioo anamuona Bahari, ikatoka mistari ya kusimama, hiyo ni kusema yuko tayari kutaga. Niliwakutanisha mara moja, mayai yakapatikana, Bahari anayaokota kwa mdomo anayapandisha kwenye povu moja moja, jike nikamtoa haraka maana dume akishapata mayai anamfukuza mpaka kumuumiza. Wakatotoka siku ya pili. Alafu umeme ukakatika usiku kucha, maji na hewa ya juu yake vikapoa, na vichanga vile havikuvumilia. Sijajaribu tena, mpaka nipate betri ya uhakika ya kuendeshea hita.

Chakula nampa punje tatu asubuhi tatu jioni, Jumapili hali kitu, maana mwanzoni tulimlisha mpaka tumbo likawa kama gololi akawa anaelea upande. Viluwiluwi vya mbu ndo anavipenda kuliko vyote, nafuga kwenye ndoo uani, lakini ndoo hiyo naikagua kila siku bila kukosa na ina wavu juu, sitaki kufugia majirani malaria.

Umeme ukikatika tunalizungushia tangi blanketi la Kimasai mara mbili na kuacha juu wazi kidogo. Mtoto ndo mwenye zamu hiyo. Jina la Bahari amekataa kulibadilisha japo saivi samaki ni mweupe, ana bluu kichwani tu na wekundu kidogo kwenye pezi la chini ambao mwaka jana haukuwepo. Juzi nimerudi dukani ananiambia mama, kuna doa jeusi limetoka mkiani. Nimeweka mkoba chini, nikamwambia niletee tochi.