Kutoka studio hadi mikokoni: siku yangu Mikindani

Saa 12 asubuhi. Maji yamepwa. Kabla ya kufungua studio nashuka pwani hadi kwenye kigingi nilichokichimbia mbele ya michu, aina ya mikoko. Simu naiweka juu yake, naielekeza upande uleule wa siku zote, napiga. Mizizi ya kupumulia imechomoza topeni, imesimama wima.

Saa 2 hadi saa 8 ni kazi ya riziki: picha za paspoti, kutoa kopi. Saa 6 na nusu nachomoka kupiga picha ya pili pale kigingini. Maji yamejaa, mizizi haionekani.

Saa 9 alasiri watoto ninaowafundisha wanaingia, wengine bado na sare za shule. Leo tunaanzia stoo. Dirisha nimeliziba kwa kadibodi nyeusi na kutoboa tundu moja dogo. Tunakaa mpaka macho yazoee giza, na barabara inajitokeza ukutani: bodaboda inapita magurudumu juu, mnazi umening'inia kichwa chini.

Kelele za hapo ndizo ninazozisubiri kutwa nzima. Mmoja anasema tundu ndilo linalogeuza, mwenzake anashikilia kuwa ni ukuta. Sitoi jibu. Nawapa kadibodi yenye tundu na nyuzi mbili. Uzi mmoja unaanzia juu, mwingine chini, zote zinapita tundu lilelile na kuvutwa mpaka zinyooke. Wa juu unatokea chini, wa chini unatokea juu. "Kumbe mwanga haukati kona!" anasema binti mmoja wa darasa la tano. Hapo ndipo nawasimulia habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, ambaye katika karne ya 11 alichunguza mwanga kwa taa na tundu la chumba chenye giza. Majaribio yake hayakudai vifaa vya gharama, na sisi stoo tunayo.

Saa 10 na nusu, mikokoni. Simu ni chache, kwa hiyo wanakwenda kwa vikundi, na kabla ya kubonyeza lazima useme unatafuta nini. Hapo silegezi. Mtoto asiye na swali hurudi na picha za rafiki zake tu. Kikundi kimoja kinatafuta chumvi: wanaweka tone dogo la maji safi kwenye kioo cha kamera, wanaigeuza simu taratibu, tone linaning'inia na kuwa lenzi ya kukuzia. Juu ya jani la mchu zinaonekana chembe zenye kona. Mmoja analiramba jani kuhakikisha. Mchu hutolea majanini chumvi iliyopenya mizizini.

Saa 12 kasoro robo tunarudi studio kutazama picha. Ubishi leo ni wa kaa wadogo wa topeni. Wengine wana gando moja kubwa, wengine magando yote madogo. "Hao ni watoto wao," anasema kijana mmoja kwa uhakika. Binti wa darasa la tano anaomba picha ikuzwe. Rula imelazwa kando ya kaa, kama ninavyosisitiza kila mara, na mwenye magando madogo ana gamba pana sawa na la mwenzake.

"Basi ni majike," anasema.

Ubaoni naandika kazi ya kesho: kupiga picha za tumbo. Kaa jike ana mkia mpana uliokunjwa chini ya tumbo, dume ana mwembamba.