Namugongo kwa njia ya Owino

Kwenye kigango chetu, nje kidogo ya mji wa Bukoba, padri hufika Jumapili moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili zilizobaki tuko mikononi mwa katekista. Anaongoza ibada, anasoma Injili, anafafanua kadiri alivyojaliwa, halafu yanaanza yale ambayo wengi wetu tunayaona ndiyo Kanisa lenyewe: nani anaumwa, nani amefiwa, ndoa gani inayumba, nani hajaonekana jumuiya tangu Pasaka. Hija ya Namugongo, kule Uganda walikouawa kwa moto wengi wa Mashahidi wa Uganda, ilipopangwa, kila mmoja alikuja na nia yake. Kuna waliotaka kumwombea mtoto, kuna waliotaka maji ya bwawa la pale, na kuna waliotaka kufika Kampala tu, tusidanganyane. Mwalimu, ndivyo tunavyomwita katekista, alitaka kuona walikoishi Wakristo waliokaa karibu miaka mitatu bila padri hata mmoja.

Coaster iliondoka gizani. Kabla hata ya ishara ya msalaba tulishagombania viti vya mbele, na waliotoa michango mapema waliona wana haki kuliko waliotoa jana yake usiku. Mimi ndiye katibu wa jumuiya, daftari la michango lilikuwa mapajani mwangu, kwa hiyo kila mwenye hoja alinigeukia mimi. Mama mhazini ndiye aliyetuliza: alianzisha rozari kwa sauti kubwa, na huwezi kugombana huku unaitikia Salamu Maria. Tulifika Kyaka tukiwa fungu la tatu la rozari. Pale mtoni, penye daraja lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, mzee mmoja aliyekuwa mwanamgambo alituonyesha upande waliovukia. Akasema mara ya kwanza aliingia Uganda kwa miguu na hakuna aliyemdai cheti cha homa ya manjano.

Mutukula, mpakani, siku ile watu walikuwa wengi, wote wanakwenda kulekule. Tulivuka bila shida ya kusimulia.

Kuanzia Kyotera barabara ilianza kujaa watembea kwa miguu. Hao ndio mahujaji wenyewe. Sisi wa gari tuliwapungia mikono kwa aibu kidogo. Vijana wenye mabegi mgongoni, masista wenye raba, bibi aliyefunga ndala zake kwa kamba ya mkonge zisimtoke. Wengine hutembea wiki na zaidi, wakilala parokiani na majumbani mwa watu wasiowajua. Kwa kuwa Luhaya na Luganda ni ndugu, tulipofungua dirisha tuliweza kusalimiana nusu kwa nusu. Tulipopita Masaka ukazuka ubishi wa kindugu. Waganda wana Joseph Kiwanuka, aliyepewa uaskofu mwaka 1939 na kukabidhiwa Masaka, mmoja wa maaskofu wa kwanza Waafrika weusi katika Kanisa Katoliki la nyakati hizi. Sisi tuna Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960, anayelala katika kanisa kuu letu la Bukoba. Mabao yakawa moja kwa moja.

Mwalimu alitaka tupinde twende Mityana, walikoishi wale Wakristo wasio na padri. Dereva akakataa: mafuta yamepigiwa hesabu ya Kampala, na Mityana iko magharibi, njia nyingine kabisa. Basi Mwalimu akasimama katikati ya viti akatupeleka Mityana kwa mdomo.

Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe, walifika Buganda mwaka 1879, wakiongozwa na Padri Léon Livinhac; Padri Siméon Lourdel alikuwa mmoja wao. Novemba 1882 waliona hali imekuwa ya hatari, wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, huku ambako leo ni Mkoa wa Mwanza. Hawakurudi hadi Julai 1885. Waliacha nyuma waamini wachanga, baadhi yao wana miezi tu tangu wabatizwe. Mmoja ni Mathias Kalemba, mtu mwenye cheo cha mwamuzi, aliyepita Uislamu na Uanglikana kabla ya kubatizwa Mkatoliki mwezi Mei 1882, na aliyekuwa amebaki na mke mmoja katika nchi ambayo wingi wa wake ulikuwa ndio heshima ya mtu wa cheo. Baadaye akaungana naye Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Hawa na wenzao ndio waliokuwa wakikusanya watu majumbani, wakifundisha sala, wakiwatembelea wagonjwa. Padri Lourdel aliporudi hakukuta kundi lililotawanyika. Alikuta limeongezeka.

"Mfinyanzi," Mwalimu alirudia. "Asubuhi anakanda udongo, jioni anafundisha katekisimu. Si ndio nyinyi hao, mnaosema hamna muda wa jumuiya kwa sababu ya kahawa?"

Watu walicheka, ila nilimwona mwenyekiti wetu, ambaye ana shamba kubwa la kahawa, anaangalia nje.

Sisi tumezoea kuwakumbuka Mashahidi kwa moto. Kila kanisa la kwetu lina picha ya moto. Nadhani moto umetupa kisingizio, kwa sababu hakuna anayetarajia kuchomwa Bukoba, kwa hiyo tunawasifu kisha tunaendelea na yetu. Mawaggali aliuawa Mei 31, 1886, kwa mkuki na mbwa; Kalemba alikatwa viungo akaachwa afe polepole pale Kampala ya Kale. Lakini kabla ya siku hizo kuna miaka ya vyungu, kesi, ndoa ya mke mmoja na majirani. Hiyo ndiyo sehemu inayotuhusu, na ndiyo tusiyoichora.

Munyonyo dereva alikubali, kwa kuwa iko huku huku Kampala, kando ya ziwa. Hapo ndipo Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipotoa hukumu, Mei 1886, na hapo Denis Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa waliuawa. Usiku wa kuamkia Mei 26, Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa kasri, aliona kwamba asubuhi hawatapona, akawabatiza wale waliokuwa bado wanajifunza. Kizito alikuwa mmoja wao, kijana wa miaka kama kumi na minne. Usiku ule hapakuwa na padri karibu wa kumwita. Lwanga mwenyewe alikuwa na nusu mwaka tu tangu abatizwe.

Mwalimu alikaa pale kuliko sisi sote. Nilimfuata nikamkuta anaongea na katekista mwenzake wa Kiganda, wanaelewana kwa Kiswahili cha kuokoteza na Luhaya kilichochangamka. Wanaulizana posho. Wa kwetu akataja yake. Mganda akaguna, akataja yake. Wakacheka kama watu waliogundua wana ugonjwa mmoja. Mganda alimwambia kwamba hapa hapa, Novemba 27, 2015, Papa Fransisko alikutana na makatekista na walimu, akawashukuru wao pamoja na familia zao kwa kujinyima kwao. Mwalimu aliniita nisogee. "Umesikia? Na familia zao. Kasikie mwenyewe ukamwambie mke wangu, mimi hataniamini."

Namugongo nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wameiona kwenye televisheni. Basilika limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda, nguzo 22 za shaba kwa idadi ya Mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI Oktoba 18, 1964. Altare iko mahali alipochomwa Lwanga, Juni 3, 1886. Waanglikana wana mahali pao jirani kabisa, kwa sababu vijana wao walikufa katika mateso yaleyale, na kila Juni 3 vipaza sauti vya pande mbili husikika kwa pamoja ukisimama katikati. Tulikuta pia Watanzania waliotangulia kwa ajili ya sala za Juni 1 za kumwombea Mwalimu Nyerere atangazwe mwenyeheri, na fulana zao bado zilikuwa na picha yake.

Usiku tulilala nje kwenye mikeka, vichwa vyetu kwenye mabegi ya watu wengine. Mvua ilinyesha saa tisa. Mama mmoja wa Kenya, simjui jina hadi leo, alitandaza turubai lake juu yetu na kutuamuru tuingie, kama anafukuza kuku bandani. Watu kumi na mbili chini ya turubai moja: utajua nani anakoroma na nani ana kikohozi cha kuchunguzwa. Asubuhi kulikuwa na msururu wa madumu kwenye bwawa. Misa yenyewe, katika kundi kubwa kiasi kile, unaisikia zaidi ya kuiona. Papa Fransisko alipokuja hapa Novemba 28, 2015, alihubiri kwamba kuwajali wengine kunaanzia nyumbani, katika familia, kisha kunawafikia wazee, maskini, wajane na yatima. Mwalimu alitukumbusha hayo tulipokuwa tunakunja mikeka na watu wanadaiana nani kapoteza dumu la nani.

Kesho yake tulikwenda Owino. Jina rasmi la soko hilo ni St. Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekatwa kichwa Novemba 15, 1885, eneo hilo hilo la Nakivubo, baada ya kumlaumu Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Anglikana. Alikuwa Mkatoliki, na Hannington hakuwa wa kanisa lake. Sasa jina lake liko juu ya mitumba, viatu, sufuria na kelele ambayo sijaisikia popote. Mwanzoni niliona ni dharau. Nilipozunguka kidogo nikabadili mawazo: mtu aliyekuwa msimamizi wa kasri, anayejua bei ya kila kitu na kila mtu, sokoni hapamshindi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mashuka alibandika picha ya mtakatifu huyo juu ya sanduku la fedha. Nikamuuliza kama inamsaidia. Akasema inawasaidia wateja, kwa sababu akitaka kupunja anaikuta inamtazama.

Mama mhazini hakuwa na muda wa picha. Alinunua vitenge hadi tukamtafutia kijana wa kumbebea.

Tukarudi hadi karibu na Mutukula, ndipo alipoinuka na fungu lake akaanza kugawa. Kila mmoja viwili. "Wakikuuliza forodhani, mwanangu, sema ni vyako." Alikuwa mtu wetu, mhazini wetu, aliyetuliza ugomvi kwa rozari, na hakuna aliyetaka kumvunjia heshima. Watu walipokea. Vilipofika kwa Mwalimu, alivipokea pia, kwa mikono miwili, akamwambia: "Mama, nitakubebea mpaka nyumbani kwako. Ila wakiniuliza nitasema ni vyako."

Gari zima lilinyamaza. Mama akasema tunatoka hija, si mahakamani. Mwalimu hakujibu. Mwenyekiti, yule wa kahawa, akajaribu kupatanisha kwa kusema kwamba ni jambo dogo, na kwamba jumuiya ni kusaidiana. Yule mzee wa vita akauliza kutoka nyuma, kwa upole kabisa, kama Kalemba naye hakuambiwa ni jambo dogo. Hapo viti vya kati vikaanza kurudisha, kimoja kimoja, bila neno, hadi fungu likawa kubwa kama lilivyotoka Owino.

Alishuka nalo mwenyewe, hasira zimemjaa. Forodha walimwambia vitenge havikutengenezwa Uganda, kwa hiyo ushuru upo. Ilichukua saa mbili za karatasi. Mwalimu alisimama naye kwenye foleni muda wote, amebeba fungu kichwani, na sidhani walizungumza. Tuliofika nyumbani usiku tulimlaumu kimoyomoyo, yeye na Mwalimu pia.

Jumamosi iliyofuata Mama mhazini alikuja jumuiya kama kawaida, na daftari la fedha likiwa safi kama kawaida. Baada ya sala alifungua begi akatandaza vitenge. Bei ilikuwa imepanda, akataja wazi kwamba ni kwa sababu ya ushuru, na aliyekuwa na malalamiko akamwone katekista. Mke wa Mwalimu alichagua kwanza. Mimi nilichukua cha buluu chenye maua, nikalipa bila kuomba nipunguziwe.