Desemba, msimu wa kuvunja vikoba: siku moja maishani mwangu

Saa 11 kasoro alfajiri

Adhana ya msikiti wa jirani haijaisha, simu inatetema. Ni ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Morogoro, katibu wa kikoba. Anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuwaamsha wa nyumbani kwake: "Mwanangu, samahani kwa kukusumbua mapema hivi. Leo saa kumi jioni tunavunja. Kuna shilingi 2,120 sijui zimekwenda wapi. Wenzangu wameanza kunitazama."

Niwaeleze kwanza. Tuko saba. Tunatunza programu huria ya simu, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, inayoweka hesabu za vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, na mgao mwisho wa mzunguko. Hakuna anayelipwa. Watatu tuko Dar, mmoja Bukoba, mmoja Mombasa, mmoja Kisumu, na mmoja yuko masomoni Ujerumani. Mwaka mzima kazi yetu inatembea polepole. Desemba ikifika inalipuka, kwa sababu vikundi vingi vinavunja, yaani vinagawana fedha za mzunguko, kabla ya Krismasi ili watu wapate hela ya sikukuu na ada za Januari. Mtu aliyeweka hisa tangu Januari hana subira na programu siku ya mgao, na sioni kwa nini awe nayo.

Nafungua orodha ya mabadiliko nione kama kuna aliyeigusa hesabu ya mgao. Yupo. Kijana wetu wa Bukoba ameingiza mabadiliko saa 7 usiku, saa 9 usiku, na saa 10 na robo. Jana yake pia. Juzi pia.

Kilichonitoa kitandani ni maelezo yake. Kijana huyu huandika mistari minne kwa kila badiliko: nini kilikuwa kimeharibika, kwa nini, amekijaribu vipi, nani aangalie. Nimewahi kuwapa wageni maelezo yake wajifunzie. Usiku huu ameandika "rekebisha". Kisha "rekebisha tena". Cha mwisho kinasema "samahani" tu.

Saa 1 asubuhi

Niko Kimara Mwisho, foleni ya mwendokasi ya kwenda kituo cha Morocco. Naandika ujumbe, naufuta. Naandika mwingine, nao naufuta. Katika miaka minne ya kusimamia kazi hii nimejifunza kwamba mtu aliyechoka ukimwandikia "uko sawa?" atakujibu "niko poa dada", na mlango umefungwa hapo. Lazima nisikie sauti yake. Ninachomwandikia mwishowe ni hiki: "Mdogo wangu, nitakupigia saa 7 mchana. Usiguse hesabu ya mgao mpaka tuongee. Hujakosea chochote."

Sentensi ya mwisho naiongeza baada ya kuusoma tena ujumbe wenyewe. Bila hiyo unasomeka kama wito wa mkuu wa shule.

Kwa yule mama naandika: "Shikamoo mama. Hela haijapotea. Nitakupigia mchana nikuonyeshe ilipo."

Saa 2 na nusu mpaka saa 7

Kazi ya ajira. Mwajiri wangu ananilipa kwa saa hizi na sizichanganyi na za kujitolea. Simu inakaa kwenye droo.

Saa 7 mchana

Kwa mama ntilie, wali maharage na kachumbari. Nampigia kwanza katibu, maana yeye ana saa tatu tu zimebaki.

Namwomba achukue karatasi. Fedha yote ya kugawana ni 9,437,000. Hisa zote ni 3,120. Gawanya: kila hisa inapata 3,024 na kipande cha shilingi. Kipande hicho huwezi kumpa mtu mkononi, kwa hiyo programu inakikata. Zidisha 3,024 kwa 3,120, unapata 9,434,880. Toa kwenye jumla. Nasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi, kisha kimya, kisha: "Elfu mbili mia moja na ishirini."

Toleo la zamani lilikuwa na mstari mmoja chini kabisa: "Baki". Tulipopanga upya ukurasa wa mgao mwezi Oktoba, mstari ule ukaachwa nje. Hesabu ni sahihi, ila programu haisemi tena kilichobaki kiko wapi, na kikundi kikiona pengo kinamwangalia aliyeshika daftari. Namshauri aandike "Baki 2,120" kwa mkono wake na aisome hesabu yote kwa sauti kabla sanduku halijafunguliwa.

Ananiombea kwa Mungu, anakata simu. Nampigia Bukoba.

Anapokea mlio wa kwanza. Namuuliza amekula nini tangu jana. Anafikiri kwa muda. Chai, anasema. Halafu yanamtoka yote. Wiki iliyopita mtumiaji mmoja alimwandikia moja kwa moja kwamba sisi ni wezi kama wezi wengine, tena wezi wa wanawake maskini. Tangu siku hiyo hajalala usiku mzima. "Dada, ile hesabu niliiandika mimi. Wale makatibu wakifukuzwa ukatibu, wakitukanwa mbele ya watoto wao, ni mimi."

Ana miaka 22. Amejifunza mwenyewe, kwa simu kwanza, kisha kwa kompyuta ya kuazima.

Namwambia ninachokiamini. Hesabu aliiandika yeye, lakini kabla ya kuingia niliisoma mimi, na dada wa Kisumu akaisoma baada yangu. Tuliweka kanuni kwamba hakuna badiliko linaloingia bila macho ya watu wawili. Watu hudhani ni kanuni ya kukamata makosa, na makosa inakamata kweli, ingawa huu mstari wa "Baki" ulitupita sote watatu. Mimi naithamini zaidi kwa sababu kosa likitokea halimwangukii mtu mmoja. Namwambia: "Lile tusi lilikuwa letu sote. Ulilibeba peke yako kwa sababu hukutuambia, na hukutuambia kwa sababu hatukuwahi kukuonyesha pa kulipeleka. Hilo ni kosa langu mimi msimamizi."

Analia kidogo. Simkatizi. Halafu anasema jambo ambalo nilipaswa kulijua: tangu Agosti ni yeye peke yake mwenye ufunguo wa siri wa kusaini toleo jipya, na bila saini hiyo halitoki. Alijitolea kuushika, tukamshukuru, tukasahau. Kwa hiyo kila kikundi kinapolia, nchi nzima, yeye ndiye anayeweza kutoa dawa, na anajua hivyo hata akifumba macho.

Wali umepoa. Naula hivyo hivyo.

Saa 11 jioni

Nje ya ofisi, kabla ya kupanda basi, najibu malalamiko ya siku. Yako kumi na tisa. Nimekubaliana na wenzangu kwamba wakati wa mgao malalamiko yote yapite kwangu au kwa mwenye zamu, na aliyeandika msimbo asikabiliane na mtu mwenye hasira. Moja limeandikwa hivi: "Mnatuchezea. Kama hamuwezi, waachieni wanaoweza." Namjibu kwa sentensi tatu: tatizo ni nini, afanye nini leo kwa kalamu, na lini atapata toleo jipya. Jina la mchangiaji sitaji kamwe. Kauli ya "waachieni wanaoweza" siijibu, ingawa ndiyo inayonitia hofu kuliko tusi, na jioni nawaeleza wenzangu sababu.

Saa 1 usiku

Kikao cha simu. Tumeingia watano kati ya saba.

Nawasimulia habari ya xz, kwa kuwa wawili hawaijui. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo ndani ya kompyuta nyingi duniani zinazoendeshwa na mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi iliangaliwa na mtu mmoja wa Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumbana hadharani kwamba anachelewa, awape wengine. Alijibu wazi kwamba afya yake ya akili imempunguzia nguvu, na kwamba hiyo ni kazi isiyo na malipo. Msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, alikuwepo karibu, na taratibu akakabidhiwa funguo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokikuta. Kila mtu huisimulia kama habari ya usalama. Mimi naisikia kama habari ya mtu aliyechoka, ambaye aliyemjia na mkono wa msaada alikuwa mwizi.

Kaka wa Mombasa anakumbusha ya Python, lugha ya kuandikia programu. Julai 2018 Guido van Rossum, aliyeianzisha, aliachia uamuzi wa mwisho baada ya mabishano marefu juu ya pendekezo moja tu la kuibadilisha lugha hiyo, lililoitwa PEP 572. Waliobaki hawakumtafuta mfalme mwingine. Mwaka 2019 walichagua baraza la watu watano.

"Lakini sisi tunaandika programu ya vikoba," anasema dada wa Kisumu. Yeye huviita chama, na menyu zetu zina maneno yote mawili kwa sababu yake. "Sanduku la chama lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Kwa nini sisi tuna ufunguo mmoja kwa mtoto mmoja?"

Hakuna aliyejibu haraka. Tumeliandikia sanduku lile programu kwa miaka minne.

Tunaamua funguo ziwe kwa watu watatu, na toleo litoke wawili wakikubali. Kaka wa Mombasa hakubaliani: Desemba inataka haraka, wawili wakiwa hawapatikani kikundi kitakwama sanduku likiwa wazi mbele ya watu. Ana hoja, sina jibu zuri, na tumekubali kujaribu msimu huu tu kisha tutazame upya.

Kijana wa Bukoba namwomba apumzike mpaka mwisho wa Januari. Anakataa. "Mtaniona mzembe, dada." Namuuliza, kwenye kikoba mwanachama akifiwa, au akilazwa, anafanywa nini? Anajua, yeye mwenyewe ndiye aliyeandika ukurasa wa mfuko wa jamii. Mwanachama anapewa, wala haulizwi atarudisha lini. "Basi," namwambia, "wenzako wanakuchangia saa zao."

Dada wa Kisumu anamalizia: "Wewe lala. Zamu nitaishika mimi mpaka Jumapili."

Saa 3 usiku

Mstari wa "Baki" umerudi. Nimeusoma mimi, ameusoma wa Mombasa, tumeujaribu kwa hesabu ya Morogoro: 9,437,000, hisa 3,120, baki 2,120. Wa Kisumu anasaini, wa Mombasa anakubali, toleo linatoka. Imechukua dakika arobaini zaidi kuliko ambavyo kijana angechukua peke yake saa 10 usiku.

Ujumbe wa sauti kutoka Morogoro, nyuma yake kuna kelele za wanawake na kijiko kinachogonga sufuria. Alisoma hesabu yote kwa sauti, mwenyekiti akairudia kwenye kikokotoo chake, ikatoka ile ile. Shilingi 2,120 wameziingiza mfuko wa jamii wa mzunguko mpya. "Na ukatibu wamenirudishia," anasema.

Naupeleka ujumbe ule Bukoba kama ulivyo. Haujafunguliwa. Mara yake ya mwisho kuonekana hewani ni saa 2 na dakika 5.

Saa 4 usiku

Simu inatetema mezani. Kikundi kingine, neno la kwanza ni "HARAKA". Zamu ni ya Kisumu. Naipeleka simu sebuleni, naichomeka kwenye chaji kando ya televisheni, nafunga mlango wa chumbani.