Mtoto wa degedege habebwi hivyo

Mwaka 2002 tulishuka kwenye pikapu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bagamoyo, watu saba na ngoma tatu, na igizo tulilolikariri Dar es Salaam. Nasema tulilolikariri kwa aibu kidogo. Tulijua vizuri jinsi Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivyofanya kazi hii ya kuelimishana kwa maigizo kule Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980: unakaa na wanakijiji, unasikiliza, unacheza nao ngoma zao, ndipo igizo linatoka kwao wenyewe. Lakini mfadhili wetu alitaka vijiji kumi kwa wiki mbili. Basi tukaanzia mwisho.

Igizo lilihusu degedege. Wengi kule pwani walisema degedege ni ugonjwa wa peke yake, wa shetani apitaye kama ndege, wala hauna undugu na malaria. Mtoto hufukizwa mavi ya tembo, huoshwa kwa dawa za miti, na sindano ndiyo inayoogopwa kuliko yote: mtoto wa degedege akichomwa, anakufa. Sisi tulikuja na maneno ya mabango, kwamba hiyo ni malaria kali, kimbilia zahanati. Mganga tukamfanya kichekesho. Mwenzetu mmoja, fundi wa kuchekesha, alijifunga kaniki, akashika tunguri, akawa anapepesuka na kudai kuku mweusi kila baada ya maneno mawili.

Chini ya mwembe watoto walicheka mpaka wakagaagaa. Watu wazima kimya. Mimi nilikuwa mwezeshaji, yule anayesimamisha igizo na kuwauliza watazamaji mhusika afanye nini. Ule ukimya niliuona, nikadhani ni usikivu.

Tukafika pale mama anapombeba mwanawe kwenda kwa mganga. Mtoto alikuwa mto wa sufi uliofungwa kanga. Kabla sijasimamisha chochote, bibi mmoja akainuka kwenye mkeka, akaingia uwanjani.

"Hebu lete," alimwambia mwigizaji wetu. "Mtoto wa degedege habebwi hivyo."

Akaketi, akanyoosha miguu, akaulaza ule mto mapajani kwa ubavu. Mkono wa kushoto ukashika taya. Wa kulia ukakamata mkono mdogo ambao haukuwepo, ukaunyoosha, ukauachia, ukaukamata tena ulipojikunja. Hakusema neno. Akafuta povu kwa ncha ya kanga. Mpiga ngoma wetu aliweka vijiti chini, kimoja kimoja. Niliwahi kuona waigizaji waliosomea kazi hiyo, na hakuna aliyeweza kunifanya niogope kuutazama mto.

"Shikamoo bibi," nikasema, kwa mazoea ya kazi. "Sasa hapo ungempeleka wapi?"

"Marahaba. Saa ngapi?"

Sikumwelewa.

"Nakuuliza saa ngapi. Huyu kaanza saa nane usiku. Mganga yuko nyumba ya tatu. Zahanati mpaka uvuke bonde, na mvua imenyesha. Nimpeleke wapi, mwanangu?"

Hapo maneno yakamwagika. Mama mmoja alisema alifika zahanati akaambiwa kwinini imekwisha. Mwingine wa kwake alichomwa sindano asubuhi, siku ya tatu ya homa, na adhuhuri alikuwa anavikwa sanda. Niliposikia hivyo ndipo nilipoelewa sindano ilikopata jina lake baya. Mtoto anafikishwa akiwa anakata roho, na kitu cha mwisho mama yake anachokiona kikiingia mwilini mwake ni sindano. Kwenye karatasi zetu jambo hilo liliandikwa "imani potofu".

Kisha akasimama mganga mwenyewe, mzee mwembamba aliyekuwa ameketi nyuma muda wote. Alianza kwa kumwambia mchekeshaji wetu, kwa upole kabisa, kwamba ile tunguri ameishika juu chini. Watu wazima ndipo walipocheka, na walitucheka sisi. Halafu akasema yeye, mtoto akishatulia, huwaambia wazazi sasa mpelekeni hospitali. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kijiji kilichofuata tulikiahirisha. Mfadhili alinuna, nasi tukalala pale siku tatu tukiunda igizo upya. Mganga alicheza mganga, bibi akacheza bibi, ingawa mazoezi aliyakataa katakata. Safari hii mganga hamcheleweshi mtoto: anampoza kwa maji huku baba akihangaikia usafiri. Hapo nikasimamisha igizo, nikauliza: usafiri wa nani?

Macho yote yakamwendea mwenyekiti wa kijiji, na baiskeli yake iliyoegemezwa kwenye mwembe. Akajikohoza. Akasema baiskeli ipo, mwenye mgonjwa aje tu aichukue.

"Hata saa nane usiku?" bibi aliuliza, mto ukiwa bado mapajani.

Mwenyekiti akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Hata saa nane," alisema.